Daraja, Thian, Vuka

Nimeshasema mara tatu kwamba mimi si mwandishi. Niliishia darasa la nne, kama wenzangu wote, na tangu hapo kalamu nimeishika wakati wa kutia sahihi tu. Lakini Wilai, binti wa mdogo wangu, ameniletea daftari na kalamu mbili. Ananiambia, "Mama mkubwa, andika wewe, mimi nikiandika nitalia." Kana kwamba macho yangu mimi ni ya mbao! Haya, naandika. Atakayeona mwandiko mbaya afumbe jicho moja asome kwa lingine.

Mdogo wangu anaitwa Sangwian. Ana miaka sabini na miwili, goti moja bovu, na kwa miaka ishirini na sita alikataa katakata kwenda kuliona bwawa lililokimeza Nong Takhian, kijiji tulichozaliwa. Wenzetu walikwenda. Walirudi wakasema maji ni mazuri, samaki tele, na siku hizi kuna treni ya matembezi inayopita juu ya daraja refu katikati ya bwawa, inasimama ili watu wapige picha. Sangwian akisikia hayo aliinuka akaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuomba kuchochewa.

Sababu ni mumewe. Thian alikuwa mgema. Alikuwa na miti ya mivumo kumi na minane, akiipanda asubuhi na jioni kwa ngazi ya mianzi, na Sangwian chini akichemsha utomvu mpaka uwe sukari. Walizungumza hivyo hivyo, mmoja juu mwingine chini, kwa sauti za watu wanaogombana, na kijiji kizima kilijua mambo yao yote. Siku moja mwanzi ukakatika. Kufa kwa kuanguka ni kufa vibaya, na aliyekufa vibaya kwetu hachomwi upesi. Anazikwa kwanza kwenye miti nyuma ya hekalu, atulie, kisha anafukuliwa na kuchomwa kwa heshima ili roho yake iende zake.

Mwaka ukapita, mtawa akauliza. Sangwian akasema bado. Kila asubuhi alikuwa anampelekea wali, anakaa pale chini ya miti anampa habari za ng'ombe na za Wilai shuleni. "Akishachomwa," aliniuliza, "huu wali nitampelekea nani?" Mwaka wa pili, bado. Wa tatu tukaambiwa tuhame kabla ya mwezi kwisha, maji yanakuja. Hapo akakubali: atafukuliwa Jumapili. Alhamisi ikashuka mvua ambayo hakuna aliyeitegemea, na Jumapili nyuma ya hekalu walikuwa wanaogelea bata. Tukahamia Chaiyaphum kwa kaka yetu, na Thian akabaki.

Basi Desemba iliyopita Wilai, ambaye ni karani kiwandani karibu na Bangkok na anapenda kupanga watu kama anavyopanga mafaili, akakodi basi kwa ajili ya ukoo mzima. Ratiba aliichapa mwenyewe. Siku ya kwanza kwenda Ayutthaya kuzuru mahekalu, kulala huko. Alfajiri ya pili kupanda treni mpaka bwawani, huku basi likizunguka barabarani na mizigo yetu tu. Basi litupokee stesheni, litupitishe mashamba ya alizeti, turudi nyumbani. Viti arobaini, watu thelathini na tisa.

Kila mtu alijua Sangwian atakataa. Akasema, "Nitakuja. Kile kiti kimoja msikiguse."

"Cha nani, Mama?"

"Cha baba yako."

Alikuwa ameshakwenda kwa mtawa kimya kimya. Mtawa alimwambia inawezekana. Awashe kijiti kimoja cha ubani, maana vitatu ni vya Buddha. Ashike nguo ya marehemu, amwite kwa jina, amwambie twende. Kisha njia nzima, kila daraja na kila kona, amwambie kwa sauti, kwa sababu roho isiyoambiwa husimama kwenye maji kama ng'ombe. "Na akiachwa darajani?" aliuliza Sangwian. Mtawa akasema, "Basi atakaa darajani." Akifika nyumbani salama, ile nguo itachomwa badala ya mwili, na Thian atakuwa amechomwa kama watu wengine.

Safari ya kwenda sina haja ya kuisimulia. Shemeji yetu Kamon aliimba kwenye kipaza sauti cha basi kuanzia Chaiyaphum hadi Ayutthaya, na hana sauti.

Ndani ya treni Sangwian alikaa dirishani, shati la buluu la Thian limekunjwa mapajani. Hakula. Treni ilipoingia juu ya maji watu wakapiga kelele za furaha, maana huoni reli wala daraja, unaona maji tu pande zote, kama treni inaelea. Yeye alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Treni ikasimama. Mlinzi wa treni akatangaza dakika ishirini, na mamia ya watu wakashuka relini na simu zao.

Sangwian alishuka nami nikimshika kiwiko. Alitazama maji. Yalikuwa meupe, bapa, hayakusema kitu. Nilimwona anatafuta hekalu, anatafuta mivumo, anatafuta hata mahali pa kuanzia kutafuta. "Dada, ni wapi?" Nami sikujua. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "Bibi, samahani, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Ndipo akainua macho akauona mlima. Mlima haukuhama. Zamani, alipokuwa amekaa pale kwenye miti na sahani ya wali, ule mlima wenye kichwa kilichopasuka ulikuwa unaonekana wote kasoro bega la kushoto, ambalo lilifichwa na kilima kidogo cha mbele. Sasa bega lilikuwa linaonekana. Akaanza kutembea kando ya reli, macho mlimani, goti lake bovu likimsumbua, akapita behewa la mwisho, akaendelea. Bega likaanza kuingia nyuma ya kilima. Akaendelea.

"Sangwian! Muda!"

"Nyamaza, linaingia."

Alipofika mahali bega lilipozama lote, akasimama. Akawasha ubani, upepo ukauzima. Akawasha tena, ukazima. Mara ya tatu mimi nilimkinga kwa upande wa kanga yangu, ukashika. Akaning'iniza shati juu ya maji kwa mikono yote miwili kama mtu anayempa mwenziwe taulo.

"Thian! Mimi Sangwian. Nimezeeka, hutanijua sura, nijue kwa sauti. Nilikuacha. Nilijua maji yanakuja, nikasema kesho, kesho, kwa sababu nilitaka niwe nawe asubuhi moja zaidi. Usinikasirikie. Kama umekasirika, njoo ukasirike nyumbani. Wilai ana watoto wawili. Mkubwa ana masikio yako, maskini. Haya inuka, tunapanda treni."

Honi ya treni ikalia. Mlinzi alikuwa anapunga bendera na kutuita kwa majina ambayo sitayaandika. Tulirudi tunakokotana, yeye ameshika shati kifuani, anasema kwa sauti, "Hapa ni mawe, angalia mguu. Hapa ngazi. Panda. Kaa dirishani." Alimwachia Thian dirisha, yeye akakaa kando.

Stesheni basi lilikuwa linatungoja. Dereva wetu, Manop, mtu mnene mwenye mashada ya maua kwenye kioo cha mbele yanayotosha hekalu dogo, alimsikia Sangwian akisema mlangoni, "Panda, Thian, ngazi tatu," akazima redio bila kuuliza. Lakini kwenye kile kiti Kamon alikuwa ameshaweka sanduku la barafu.

"Shemeji, ondoa."

"Barafu itayeyuka chini hapa, Shemeji. Na huyo mtu wako hana makalio, atakaa popote."

"Wewe unayo makalio, na akili zako zote umezikalia. Ondoa."

Aliondoa, watu wakacheka, na Sangwian akalitandika shati kitini akalifunga mkanda.

Basi likaondoka. "Tunakata kulia, Thian." "Daraja, Thian, vuka." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini basi zima lilisikia. Mwanzoni wajukuu walimwiga kwa mzaha, wakagombezwa. Baadaye mmoja wao, wa Wilai, akawa anakaa mbele kwa dereva na kupaza sauti, "Bibi, daraja linakuja!" Kwenye mashamba ya alizeti watu wote walishuka wakapigwa picha katikati ya maua. Sangwian hakushuka. Aliogopa kwamba akishuka yeye na Thian atashuka, na Thian alikuwa mtu wa kuzubaa akiona kitu kizuri.

Baada ya alizeti nilimwambia alale kidogo. Alikuwa hajafumba jicho tangu Ayutthaya. Akasema hapana. Nikamwambia, "Lala, mimi niko macho. Daraja likija nitakuamsha." Akanitazama sana. "Dada, unaniahidi?" Nikamwahidi. Tulikuwa ndio kwanza tunalipita hekalu lenye Buddha mweupe juu ya kilima.

Kiyoyozi kilikuwa kikali, tumbo limejaa wali na samaki. Nililala.

Kilichotuamsha ni kimya. Basi limesimama kituo cha mafuta. Sangwian alikuwa amekaa wima, anatazama nje, halafu ananitazama mimi.

"Tumevuka mangapi?"

Nikafuta mate kidevuni.

"Dada. Mangapi?"

Akasimama kwenye njia ya katikati akawauliza wote. Wilai alikuwa anahesabu masanduku. Yule mjukuu alikuwa amelala mdomo wazi. Kamon akasema, "Mawili? Au yale yalikuwa makalvati?" Mbele, dereva Manop akageuka.

"Bibi, mimi nilipiga honi. Kila daraja. Moja sikukosa."

"Ulimtaja jina?"

"Hapana, Bibi. Niliona haya kumwita mkubwa wangu kwa jina."

"Basi umempigia honi kama unavyompigia mbuzi. Geuza."

Wilai alikuja na ratiba mkononi. "Mama, watoto wana shule kesho. Watu thelathini na tisa, Mama."

"Arobaini."

"Mama, tafadhali."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi," Sangwian alimwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Uliniuliza tunahamaje bila Baba. Nikakwambia atakuja na gari la nyuma. Unakumbuka? Wilai, nimechoka kuwa mwongo."

Wilai aliikunja ratiba mara mbili, akaiweka mfukoni, akamwambia dereva, "Kaka Manop, geuza."

Tulirudi mpaka kwa Buddha mweupe, mwendo wa karibu saa nzima, hakuna wimbo. Hapo basi likageuka tena. Madirisha ya basi lile hayafunguki, kwa hiyo Manop akaacha mlango wazi na upepo na vumbi vikaingia mpaka viti vya nyuma. Yalikuwa madaraja matatu. Kwenye la kwanza Sangwian aliita peke yake. La pili Wilai aliita, "Baba, vuka," akashindwa kumaliza. La tatu ni refu, chini kuna mto mpana wa rangi ya chai. Manop alikwenda pole pole na basi zima liliita, watoto, Kamon na sauti yake mbovu, na mimi: "Daraja, Thian, vuka!"

Tulipomaliza watu walikuwa wanafuta macho na kucheka, wanapeana maji. Sangwian alikuwa amegeuza shingo anatazama nyuma.

"Dada," akaninong'oneza, "na kama zile honi alizielewa? Kama alishavuka, alikuwa mbele anatungoja, halafu akatuona tunarudi? Si atakuwa amegeuka kutufuata? Sasa yuko upande gani?"

Nilitaka kumwambia yupo, amefika, nimemwona. Lakini nilishamwahidi jambo moja siku ile.

Nyumbani alimwonyesha mlango, choo, mahali pa kulala. Asubuhi akapakua wali sahani mbili. Mtawa amekuja mara tatu tangu Desemba kuuliza shati lichomwe lini, na Sangwian anamwambia, "Nitachomaje mtu ambaye labda bado yuko barabarani?" Anakaa barazani, ananyamaza, anasikiliza kama mtu atakayeitwa kutoka juu ya mti. Siku nyingine ananiambia leo nimehisi yuko. Siku nyingine ananiuliza lile daraja refu lina kivuli, au jua linalipiga moja kwa moja.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, nina kazi yako. Ukitoka upande wa bwawa kuja Chaiyaphum, ukishalipita hekalu la Buddha mweupe juu ya kilima, utakutana na madaraja matatu. Punguza mwendo. Fungua dirisha. Usione haya, hata kama uko na wakwe zako. Sema kwa sauti: Thian, hili ni daraja, vuka, Sangwian amepakua wali. Yote matatu, usiruke hata moja. Na usithubutu kulala.