Jogoo Aliyehamia Kwetu

Nilipoolewa katika shamba la mzungu upande wa Solai, miaka ile ya Hali ya Hatari, nilipewa kazi ya kuangalia kuku. Kuku wenyewe walikuwa wanalala pazuri kuliko sisi. Sisi, yaani mimi, mume wangu na mama yake, tulikaa nyumba ya udongo na nyasi. Kuku walijengewa ya mabati, paa na ukuta, na chini mbao. Mama mkwe akitoka kuokota kuni alikuwa anasimama hapo na mzigo mgongoni, anaiangalia. Wakati ule mwenye mabati ndiye mtu.

"Ona," aliniambia, "kuku hata hainui macho aone alichoezekewa."

Walikuwa kuku wa Ulaya, waliokuja kwa meli kisha kwa gari moshi mpaka Nakuru. Wakubwa, rangi ya siagi, manyoya mazito kama blanketi mbili, na mpaka miguuni wana soksi. Kwao kwenye baridi walikuwa na raha, nafikiri. Lakini Januari ya Solai haina adabu. Nyasi inakauka, upepo unaleta vumbi, mabati yanalia ta! ta! kwa jua. Kuku wakaanza kukaa midomo wazi, mabawa yameachana na mbavu kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Mitetea ikafa. Akabaki jogoo, na huyo ndiye ambaye memsab, mke wa mzungu, alimpenda kupita wote. Akaniita.

"Wewe, mama kuku. Kama hii jogoo nakufa, wewe kwenda. Bwana yako kwenda. Mama mzee kwenda. Yote kwenda."

Kwenda wapi, hatukuuliza. Siku hizo Mkikuyu akifukuzwa shambani alipakiwa kwenye lori akapelekwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na sisi huko hatukuwa na hata pa kupanda sukuma wiki. Kwa hiyo makao yetu yote yalikuwa ndani ya kifua cha jogoo, na jogoo alikuwa anapumua vibaya.

Memsab alileta dawa zake. Kwanza mwavuli, niushike juu ya jogoo, mimi mwenyewe nimesimama juani. Halafu barafu kutoka mjini, imefukiwa kwenye maranda ya mbao, yakafika maranda matupu. Halafu akasema tumfunike kwa taulo lililolowa. Taulo zuri, mimi sikuwa nimewahi kujifutia la namna ile. Manyoya yakalala, hewa ikakosa njia, jogoo akaanza kuiva polepole kama ugali uliofunikwa. Memsab alipogeuka nikalitoa. Mume wangu akachukua kipande cha karatasi ngumu, akampepea.

"Mwanamke," akaniambia, "tukipona, usimwambie mtu kwamba nilimpepea kuku."

Kesho yake nilifungua mlango niweke maji, jogoo akapita katikati ya miguu yangu akatoroka. Nilimtafuta kwenye mahindi, nikamtafuta chini ya trekta. Mama mkwe ndiye aliyeniita kwa sauti ya chini, kama aliyeona nyoka. Jogoo alikuwa ndani ya nyumba yetu, gizani nyuma ya mtungi wa maji, amelaza tumbo kwenye udongo mbichi, soksi amezitandaza. Na mdomo ameufunga.

"Mtoe kabla hajanichafulia nyumba," mama mkwe akasema.

"Mama, anapumua vizuri."

"Hata mimi napumua vizuri. Nani aliniletea mwavuli?"

Hapo memsab akaingia, ameinama mlangoni. Hakuwa amewahi kukanyaga humo. Akamwangalia jogoo, akaangalia paa, akaupapasa ukuta. Tulingoja matusi. Akasema:

"Kuku nakaa hapa. Nyinyi nakaa kule."

Ndivyo tulivyopata mabati. Kwetu mtu amehama pale mafiga yake yamehama, kwa hiyo mama mkwe aliyabeba yote matatu mwenyewe, na alipitia njia ndefu katikati ya kambi ya wafanyakazi ili aonekane. Majirani wakaja kumpongeza. Walikaa kidogo tu, jua likiwa utosini.

"Na hapa, si kuna joto?" mmoja akauliza, anajipangusa na leso.

"Joto gani?" Jasho lilikuwa linamdondoka mama mkwe kidevuni. "Haya ni mabati. Wewe hujazoea."

Hakulalamika hata mara moja, mchana tukiokwa, alfajiri tukitetemeka. Ila kila jua likipanda alikuwa anainuka na kusema, "Wacha nikamwangalie jogoo." Alikuwa anamwangalia mpaka jua lishuke.

Lori lilikuja kabla ya mvua. Askari wakapita kambini nyumba kwa nyumba, wakapakia watu waliofanya kazi kutushinda, watu wasiochelewa hata siku moja. Majina yao ninayo yote mpaka ya watoto wachanga. Siyaandiki, wengine wajukuu wao tunasali pamoja.

Mimi nilikuwa nimeshafunga vyombo. Afisa akafika kwetu, akaona watu kwenye nyumba ya kuku na kuku kwenye nyumba ya watu, akaduwaa. Memsab akamweleza kwa Kiingereza kirefu. Mimi nilifuata kidole chake tu: kilinionyesha mimi, kikamwonyesha mume wangu, kikaanza kutafuta. Afisa akauliza kitu. Nilijua anauliza yule mama mzee yuko wapi, na ana kazi gani hapa.

Mama mkwe akatokea kwenye mlango wa nyumba ya nyasi, amemkumbatia jogoo kwapani, kichwa cha jogoo kimelala kwenye bega lake kama mjukuu aliyeshiba.

Kidole kikatua kwake. "Huyu pia," memsab akasema kwa Kiswahili, sijui kwa ajili ya nani. "Jogoo napenda yeye."

Lori likaondoka limejaa. Tulisimama pale mpaka vumbi likatulia, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Kisha nikachota maji, nikaenda nyuma ya mtungi, nikaanza kuyamwaga kidogo kidogo kwenye udongo wa jogoo, maana mto ulikuwa mbali.

"Mwongezee," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Usimbanie."