Baba Yangu Si Marehemu

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, kijiji chetu kizima cha Didia kilinipongeza, lakini pongezi hazilipi ada. Chuo kilikuwa kimenipa nafasi ya kusomea ualimu, na bila mkopo nisingefika hata getini. Fomu ya mkopo ilitaka saini ya baba au cheti chake cha kifo. Baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu nikiwa bado shule ya msingi, na hakurudi.

"Andika marehemu," alisema baba mdogo. "Cheti kitatafutwa. Yatima hawanyimwi mkopo."

Mama aliendelea kupepeta choroko zake. "Shemeji, matanga yake tulikaa lini?"

Mimi nilikuwa nachemka. Mtu katutelekeza miaka yote hiyo, na bado anaweza kunizuia kusoma! Nikaapa kumfikisha kwenye ile fomu hata kwa kumburuta. Kesho yake nikapanda basi.

Geita nilizunguka machimbo nikiulizia jina lake. Wachimbaji wakanitania kwamba nimekuja kudai matunzo. "Nimekuja kudai saini," nikawajibu. Wakacheka, na mmoja wao akanipeleka mwaloni, pale wanaposafishia mchanga wa dhahabu. Baba alikuwa amesimama kwenye tope, amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

Nilimwamkia, nikamweleza habari za chuo, ada na fomu. Alinisikiliza ameinamisha uso. Akajipapasa mifukoni, kisha akaacha.

"Sina hata nauli ya kukurudisha, ng'wanawane," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Ila nasikia watoto wa marehemu wanapewa mkopo wote. Niandike nimekufa. Hicho ndicho pekee nilicho nacho cha kukupa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa zawadi. Machozi yalinitoka, hasira nayo ikabaki palepale. Nikamwambia kwamba mama mpaka leo hataki kuitwa mjane, na mimi sisomi kwa kaburi lisilokuwepo. Nikamfuta tope mkononi kwa kanga yangu, nikamtandazia fomu juu ya beseni lililopinduliwa.

"Wakikupa kidogo je?"

"Nitajazia mwenyewe. Weka saini, baba."

Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja.

Mkopo ulitoka nusu. Baba mdogo akanikumbusha kwamba yatima angepata wote. Nikamwambia mimi si yatima, nikajitwisha ndoo yangu ya mchele, nikaenda sokoni kuuza.