Namba Mbili ya Tusekile

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha chai nje kidogo ya Tukuyu, Fundi Mkuu wa Umeme hakunipa koleo. Alinipa testa, ile bisibisi nyembamba yenye kitaa kwenye mpini kinachowaka ukigusa waya wenye moto, yaani umeme. Kutwa nzima nilikuwa nikipima tu. Nilipomwambia kwamba mashine moja haina umeme kwa kuwa taa yake imezimika, alinitazama kwa huruma.

"Taa imekuapia?"

"Hapana, mkuu."

"Basi pima. Na kwanza ipime testa yenyewe penye moto, ujue ni nzima. Mimi sina maneno ya kwenda kumweleza mama yako."

Vijana wa leo mna vipimo vinavyolia na kuandika tarakimu, nami siwaonei wivu, labda kidogo. Fundi Mkuu alikuwa na daftari tu. Kila hitilafu aliiandika humo, hata aliyoisababisha mwenyewe, na jina lake akaweka.

Baadaye nikahamishiwa Kyela, kwenye joto, na huko ndiko nilikojua feni. Mkuu wa Karakana alikuwa mnene na hapendi ngazi. "Feni ikigoma, anza ukutani," alisema. Ukutani kuna rigyuleta, kidude cha kuzungusha chenye namba moja hadi tano. Namba tano hupitisha umeme moja kwa moja. Namba za chini huupunguza kwanza. Kwa hiyo feni ikizunguka kwenye tano na kugoma kwingine, iache juu huko, ni nzima. Mgonjwa ni rigyuleta.

Miaka yote ya Kyela mke wangu Tusekile alibaki nyumbani Tukuyu na migomba na watoto. Nilipostaafu nilimpa ahadi moja: sasa tutakaa pamoja.

Tukuyu hakuna anayemwita fundi wa feni. Hapa watu wanatafuta blanketi. Feni pekee niliyowahi kufunga huku ni ya chumbani kwetu. Moshi wa kuni ulikuwa umeyachosha mapafu ya Tusekile, na daktari akasema upepo usoni utamsaidia kupumua. Majirani walicheka sana. "Mzee Ambakisye, baridi ya Mungu haikutoshi?" Tukacheka nao. Namba mbili ndiyo ikawa yake. Tano humtetemesha, na feni ikizimwa anahangaika kutafuta pumzi.

Mwezi uliopita namba mbili ikafa. Zikabaki tano na kuzima. Binti yetu Subilaga, mwalimu huko Mbeya, alipopata habari akapiga simu.

"Tata, Jumamosi nakuja kumchukua Mama. Nyie wawili huko mnabahatisha."

Sikulala vizuri tena. Alhamisi mchana nikanunua rigyuleta mpya mjini, nikazima swichi ya chumba kwenye boksi la umeme, na balbu ikazimika. Tusekile aliketi kwenye kigoda, akinimulikia kwa tochi. Nikafungua kifuniko, nikainua bisibisi. Mkono ukasita wenyewe, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye testa. Nikaipima kwenye soketi ya jikoni, ikawaka. Nikagusa waya wa feni.

Ikawaka.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipofunga feni ile, niliivutia umeme kutoka laini ya jikoni ili nisitumie waya mrefu, na sikumwambia mtu wala kuandika popote. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo, ningemfokea mpaka jioni.

Nilizima swichi kuu, nikapima upya kila kitu. Umeme haukuwepo, lakini mikono ilikuwa inatetemeka hata skrubu haishikiki.

"Nipe," akasema Tusekile.

"Mama Subi, wewe hujawahi..."

"Mashati yako yote ya kazi vifungo nilishona mimi. Nipe."

Nikampa. Nikamwelekeza: waya huu unaleta moto, huu unapeleka kwenye feni, usichanganye, kaza lakini usivunje. Kila skrubu alipumzika kwanza, akavuta pumzi. Ilituchukua muda mrefu. Nilipowasha, akazungusha mwenyewe hadi mbili, na feni ikaanza kwenda polepole juu yetu. Nilifurahi, na niliona aibu, yote pamoja.

Jumamosi Subilaga alifika na begi la kubebea nguo za mama yake. Alikuta feni inazunguka vizuri. Tusekile alinikonyeza ninyamaze. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikumbuka lile daftari, nikamweleza yote: laini ya jikoni, kusahau kwangu, mikono, na nani aliyekaza skrubu.

Subilaga aliliweka begi chini, akalia.

"Tata, nilijua utaniambia kila kitu ni shwari, hata kisipokuwa. Ndiyo maana nilitaka kumchukua."

"Sasa?"

"Abaki. Lakini siku ukishindwa, niambie hivi hivi."

"Ndaga, mwanangu," nikamshukuru. Begi lilirudi Mbeya na ndizi tu.

Kazini waliniaga kwa cheti na hotuba, nikadhani huko ndiko kustaafu. Kumbe nilistaafu Alhamisi ile, nilipoachia bisibisi. Mlio kazini, niwaombe jambo: andikeni mlichofanya kwenye kuta za watu, kwa kuwa kichwa hiki mnachokitegemea nacho kitachoka. Mimi nimeshabandika karatasi kwenye boksi letu: *feni, laini ya jikoni*. Nimeweka na jina langu.

Testa sasa inakaa kwenye kopo la nyuzi za Tusekile. Juzi taa ya sebuleni ilizimika, nikanyanyuka.

"Kaa," akaniambia.

Akaichukua testa, lakini kwenye taa hakwenda. Alienda kwanza jikoni, polepole, kuipima penye moto. Kiliponiwakia kile kitaa kutoka mkononi mwake, nilishindwa kuyazuia machozi.