Jogoo Niliyemkabidhi Mzee Henrik

Mpaka leo nikipita mbele ya saluni ya Mama Sula naongeza mwendo, kwa aibu, na sina wa kumlaumu, maana yote yaliyotokea Jumamosi ile niliyaanzisha mimi mwenyewe, kwa kumpa mtu mwingine jogoo anishikie.

Mimi ni Esperance, nyumbani wananiita Espe, niko sekondari mwaka wa tatu, na ni mtu wa aibu sana (mwalimu akiniuliza swali nasahau hata jina langu). Tulitoka Bukavu nikiwa mdogo, na hapa Kisugu Mama analima kiwanja kidogo cha bibi mmoja Mganda tunayemwita Jjajja Nalongo: mchicha, biringanya, sungura, kuku kumi na mmoja, na lundo la mbolea ya maganda ya matoke tunayookota hotelini.

Mwezi ule tulikuwa na mgeni, Mzee Henrik kutoka Denmaki, seremala mstaafu mwenye miaka sitini na nane, aliyekuja kujitolea kufanya kazi ya shamba kwa wiki tatu, alale sebuleni na ale tunachokula sisi. Mama hajui Kiingereza, mimi ninakijua ila hakitoki mdomoni, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwonyesha kwa mikono tu: nitazame, fanya kama mimi. Akafanya. Nikifunga leso kiunoni naye anafunga, nikiinama naye anainama (goti lake likilia kama mlango), nikipiga magoti kumsalimia mtu mzima, kama wafanyavyo wasichana wa hapa, naye huyo chini, ingawa wanaume hawapigi. Nilipaswa kumwambia. Lakini ningeanza na neno gani?

Basi ikaja habari kwamba Mukasa, mtoto wa kiume wa Jjajja, anataka kiwanja kile apafanye mahali pa kuoshea magari, na kwamba Jjajja mwenyewe atakuja Jumamosi kutupa jibu. Mama akaacha hata kupanda. Ijumaa akaniita.

"Espe, kesho utamchukua yule jogoo mwekundu umpe Jjajja, na umwombe kwa mdomo wako atuachie shamba. Mimi nikifungua mdomo nitalia tu. Wewe umesoma."

"Mama, mimi siwezi."

"Basi anza kujifunza kuosha magari."

Jumamosi Jjajja akaja na fimbo yake, Mukasa nyuma yake kwa shati jeupe na futi ya kupimia mfukoni, na kwa kuwa majirani wa Kisugu hawapitwi na kitu, wanawake wa saluni wakatoka na nywele nusu zimesukwa wakajipanga kwenye uzio, na watu wa bodaboda nao wakazima pikipiki. Nilikuwa na jogoo kwapani, na kando yangu Mzee Henrik, leso kiunoni, ametoka kugeuza mbolea. Hapo ndipo nikaamua. Nikajiambia huyu ni mgeni wa mbali, tena mzee mwenzake, Jjajja hawezi kumkatalia. Nikampa jogoo, nikamwonyesha Jjajja kwa kidole, halafu nikapiga magoti palepale nilipo ili aone inavyofanywa.

Akaenda. Akapiga magoti yote mawili kwenye tope la mbolea mbele ya yule bibi mjane, akamnyoshea jogoo kwa mikono miwili, akatabasamu.

Mama Sula akapiga kigelegele.

(Nieleze kidogo, maana hata mimi sikujua: kwa Waganda, mwanamume anayekuja kuoa huleta jogoo, na ndugu wa kiume wa upande wa mwanamke ndiye humpokea, na akishampokea maneno yamekwisha. Sisi kwetu tunajua mbuzi na ng'ombe. Jogoo ni mboga.)

"Jjajja, umepata," akasema mmoja wa bodaboda.

"Tena leso ameshavaa, atakupikia," akasema Mama Sula.

Jjajja hakunyosha mkono, yote miwili ilikuwa juu ya fimbo. Mzee Henrik akaona amekosea mtu, akageuka kwa magoti yake hadi kwa Mukasa, akambandika jogoo kifuani. Jogoo akaanza kupiga mabawa, na Mukasa, kwa kuokoa shati lake, akamkumbatia.

"Amepokea," uzio mzima ukasema. "Mukasa amepokea."

Mzee Henrik akajaribu kuinuka, goti likagoma. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Espe, sasa nifanye nini?" Na watu wote wakanigeukia mimi.

Jjajja aliishi miaka mingi kambini Makindye na marehemu mumewe askari, Kiswahili chake ni cha kule: mimi, wewe, yeye, wote ni "na". "Wewe mutoto," akasema, "huyu muzee nataka mimi, ama nataka nini?"

Nilitamani lile lundo la maganda linifunike. Lakini Mama alikuwa kando ya banda la sungura, mkono mdomoni, na futi ya Mukasa ilikuwa inaning'inia mfukoni. Nikasimama. Sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, halafu ikakua.

"Jjajja, jogoo ni wetu. Mama alinituma mimi, mimi nikaogopa, nikamtuma yeye. Yeye hajui kitu, anafanya ninachofanya. Tunaomba utuachie shamba. Hapa palikuwa na chupa na takataka tupu, Mama akapasafisha kwa mikono, na mchicha unaokula Jumapili unatoka hapo hapo alipopiga magoti."

Jjajja akanitazama.

"Kumbe sauti iko. Mimi nafikiri huyu mutoto bubu." Akamgeukia mwanawe. "Mukasa, kuku napokea?"

"Mama, alinitupia."

"Napokea mbele ya watu. Sasa wakwe nafukuza namna gani?"

"Na magari yangu?"

"Uliza baba yako mupya," akasema, akimwonyesha kwa kidevu Mzee Henrik, ambaye watu wawili wa bodaboda walikuwa wanamnyanyua. Kisha kwangu: "Kila Jumamosi naleta mboga kwangu. Wewe, si muzee. Na unaongea."

Jioni hiyo nilimweleza Mzee Henrik mambo yote, kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho, akacheka huku ameshika goti. Nikajiapia kwamba nikitumwa na jogoo, nitamfikisha mwenyewe.

Wanawake wa saluni hawajaacha. Hata jana waliniita, "Espe, bwana harusi wetu anarudi lini?" Zamani ningeinamisha kichwa nikapita. Mwendo bado naongeza, lakini niliwajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara:

"Akipona goti."