Mama Aliyeomba Kaa la Moto

Ucheke usicheke, haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa kijijini Daa, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Ukoo wetu ulilaaniwa. Babu alimfukuza mama mmoja aliyekuja kuomba moto siku chache baada ya kuzika mtoto wake mchanga. Zamani sisi Wairaqw tulimtenga aliyefiwa hivyo, hapewi moto wala maziwa, kwa kuogopa mkosi. Yule mama akasema, "Basi wajukuu zako wasile chungu kimoja. Wakila, mmoja atakufa." Mimi na mdogo wangu Paskalina tumekua kila mtu na sufuria yake. Unajua uchungu wa kumsikia ndugu yako anakula peke yake chumba cha pili? Acha tu.

Mwaka juzi Paskalina alijifungua, homa ikamlaza. Dawa za zahanati alikuwa nazo, lakini majirani waliogopa mkosi wetu, hawakumpikia. Siku ya pili hajala kitu, maziwa yamemkauka, mtoto analia. Mimi nimekaa jikoni na uji tayari, nalia kama mjinga, naogopa kumpelekea. Kwetu hata kupikiana ilihesabiwa ni chungu kimoja.

"Hodi."

Mlangoni amesimama mama mzee. Nje mvua inamwagika, shuka lake kavu. Kavu kabisa, haki ya Mungu! "Mwanangu, nipe kaa la moto."

Nani anaomba kaa siku hizi, na kiberiti kipo kila duka? Nikajua ni nani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," nikasema. Nikamtolea kaa kwa koleo, akalipokea kwa kiganja kitupu, wala hakushtuka. Machozi yakamtoka.

"Laiti ungekuwa wewe siku ile," akasema. "Nenda kamlishe mdogo wako. Mle pamoja."

Kufumba na kufumbua, hayupo. Kwenye matope hata unyayo sikuuona.

Nikakimbia na uji. Tulikunywa kikombe kimoja kwa kupokezana. "Dada, nikifa je?"

"Kunywa, wewe!" nikamfokea.

Hakufa. Na mimi nipo, unaniona.

Mtoto sasa anakimbia, lakini hakuna jirani aliyewahi kumpa hata hindi la kuchoma. Kwa hiyo nakuonya, ukiambiwa nyumba fulani ina mkosi, usikimbilie kukaa mbali nayo. Siku ile Paskalina alikuwa anakufa kwa njaa, na moshi ulikuwa unatoka kila jiko.