Ujumbe Nilioufuta

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema asije mtu akadhani nasimulia ushujaa. Nafundisha shule ya msingi katika kijiji kilicho kando ya reli, kati ya Tura na Tabora, huku misafara ya zamani ilikopumzika ikitoka Ugogo. Mshahara wangu unatoka serikalini, na mwoga anayelipwa na serikali ni mwoga mara mbili.

Tulikuwa na kundi la kijiji kwenye simu. Humo tulitangaza misiba na mbuzi waliopotea, na humo tulilalamika. Kilio kikubwa kilikuwa zahanati: jengo limepakwa rangi, limezinduliwa kwa ngoma, mkunga hakuna. Binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kusubiri kujifungua, mimba ya miezi minane, kwa hiyo mimi nililalamika kuliko wote.

Siku moja, wakati wa mapumziko shuleni, namba mpya ikaingizwa kundini. Alikuwa katibu mwenezi wa chama tawala katika kata yetu. Aliandika kwa adabu kwamba chama chake kimeamua kuingia kwenye mijadala ya mitandaoni badala ya kuisikia kwa mbali, na kwamba wanaowapinga ndio wanaowaonyesha wanapokosea. "Msiniogope," akamalizia. "Semeni."

Hakuna aliyesema. Kengele ilipolia ya kurudi darasani, watu sita walikuwa wameshajitoa kundini. Fundi cherehani, aliyekuwa akiwatukana viongozi kila asubuhi, alituma picha ya waridi.

Yule bwana nilimfahamu. Ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zao waliwatoza babu zetu vitambaa na shanga ndipo wawaache wapite. Mtani husema lolote, hata msibani, wala hakasirikiwi. Nikaona huo ndio mlango wangu. Nikaandika: "Wewe Mgogo, babu zako walitutoza njia nzima. Sasa tutoe nini tena ndipo mtuletee mkunga? Jengo mmelizindua, wanawake wanajifungulia njiani."

Nikatuma. Baada ya dakika chache akajibu: "Mwalimu, kesho saa nne njoo ofisini kwangu."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu: mtu ana watani, chama hakina. Nilimtania Mgogo, na pengine aliyesoma si Mgogo. Nikaufuta ujumbe kwa wote, nikarudi darasani, na mchana ule nilimpa mtoto vema kwa kuandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Mume wangu aliposikia hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, mdomo uliponza kichwa," kisha akaanza kuniuliza vyeti vyangu vya kazi vimewekwa wapi.

Kesho yake nilimkuta katibu ofisini peke yake, karatasi mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Mbona umefuta?"

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Nilitaka kuunakili kwenye taarifa yangu. Alasiri nakwenda kikaoni wilayani. Kundi zima lile, ni wewe peke yako uliyesema kitu." Akanisogezea kalamu. "Basi uandike hapa. Weka na jina."

Laiti asingelitaja jina. Niliitazama ile kalamu nikaona barua ya uhamisho, nikaona watu wasiovaa sare wakiniulizia getini. Labda hayo yote yalikuwa kichwani mwangu tu. Mpaka leo sijui.

"Ule ulikuwa utani, mzee," nikasema. "Hatuna shida."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Siwezi kuandika ambalo halijasemwa," akasema, na mbele yangu akaandika kwamba katika kijiji chetu wananchi wameridhika.

Wiki ya tatu uchungu ulimshika binti yangu asubuhi. Tulipanda bajaji kuelekea Tabora, na hatukufika. Mama mmoja aliyekuwa akiuza asali kando ya barabara ndiye aliyempokea mjukuu wangu, kwa kanga yake mwenyewe. Mtoto alilia upesi. Mama yake alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe, nami nilipiga magoti vumbini nikimwomba Mungu aninyang'anye kazi, aniachie mwanangu. Aliniachia vyote viwili.

Tuliporudi, wanawake walikuja kutupongeza. Mtani naye akaja, na kanga mpya na sabuni, akasimama mlangoni akapaza sauti: "Jamani, Wanyamwezi hawa! Babu zao walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, huyu mmoja kashindwa kubeba sentensi moja mpaka wilayani!"

Watu walicheka sana. Walidhani ni utani wa kawaida. Mimi pia nilicheka, maana mtani hakasirikiwi, na nilikuwa nimempakata mjukuu. Lakini machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jikoni.

Zahanati bado haina mkunga. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ana mimba ya miezi sita. Katibu mwenezi bado yumo kundini, na kila Jumatatu huandika: "Semeni." Ujumbe wangu nimeuandika upya, wote, na jina langu chini. Una siku nne kwenye simu. Sijautuma.