Pedi Mpya Zilizolia

Magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kufika Mbinga, nilinunua pikapu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akawa anaiazima kila Jumamosi kwenda Matiri. Kitabu cha ufundi kilinifundisha kwamba pedi za breki zina ulimi mdogo wa chuma unaopiga kelele zikikaribia kuisha. Nikafunga pedi mpya, kisha nikaukunja ulimi huo uguse diski. Pikapu ikalia kama nguruwe anayechinjwa.

"Breki zimekwisha, shemeji. Sitaki wanangu wakose mjomba."

Jumamosi tatu hakuja. Ya nne akafika na boksi mkononi.

"Nimekuletea pedi. Fungua matairi, nikusaidie."

Nikafungua. Akaziokota zilizotoka, akazipima kwa kidole.

"Shemeji, mbona hizi zilizokwisha ni nene kama zangu mpya?"